Madebe Sita ya Kimea, Nchi Tatu

Tangu nirudi, kila anayepita dukani ananiuliza swali lilelile: ilikuwaje mtu aende harusini ng'ambo ya mto, mahali ambapo jogoo wao akiwika Tanzania tunaamka, akatumia siku tano njiani? Nimesimulia mara nne nikiwa nimesimama, na mara zote nne mteja amenikatiza kuuliza bei ya beseni. Sasa naandika mara moja, msomeane wenyewe. Mambo ya kujaza fomu nimeyaruka karibu yote, maana hata nilipokuwa nayajaza yalinichosha.

Kwa asiyenijua: nauza mabeseni na ndoo za plastiki hapa Tunduma. Dada yangu Estera aliolewa Ikinga, wilaya ya Ileje. Binti yake, Sekela, kaposwa na kijana wa upande wa Chitipa, Malawi, kutoka kijiji ambacho ni mwendo wa saa moja kwa miguu ukishavuka daraja la Isongole. Mimi ndiye mjomba wake wa pekee. Na katika ukoo wetu mjomba ana kazi moja ambayo hawezi kumtuma mtu.

Tunduma hadi Ihanda, Jumatatu

Kazi yenyewe ni hii. Bibi mzaa mama hulima ulezi kwa mkono wake, akauotesha, akaukausha ukawa kimea. Mjomba hukipeleka kimea hicho kwa wakwe siku moja kabla ya harusi, nao huzimulia togwa ya sherehe. Hakipiti njia ya panya, hakipiti gizani. Kinapita barabara kuu, jua likiwaka, na yeyote atakayekuuliza njiani kimetoka wapi unamtajia shamba na jina la mama aliyekilima. Ukifika langoni kwa wakwe, shangazi wa bwana harusi anakuuliza swali hilohilo mbele ya watu wote. Ukijibu, kimea kinaingia jikoni na bibi harusi anaingia nacho.

Kisipofika, harusi haivunjiki. Ila yule binti anakuwa mtu wa kuitwa, si mtu wa kuulizwa. Ataitwa alete maji, ataitwa afagie, lakini likizungumzwa jambo la nyumba, hata la mboga, anakaa kimya kama mgeni. Mama yangu ana mdogo wake aliyeolewa hivyo. Bado yuko hai, ana wajukuu tisa, na mpaka leo akitaka kusema jambo mbele ya wakwe anaanza kwa kukohoa.

Basi nilifika Ihanda saa nne asubuhi. Mama alikuwa ameshapima: madebe sita, magunia mawili. Nikapima tena.

"Huniamini?" akauliza.

"Nakuamini, mama. Siliamini debe."

Alinipa ugali wa ulezi na maharage, akakaa mbele yangu kunitazama nikila, jambo ambalo hulifanya akiwa na la kusema.

"Redio inasema sisi na Malawi tumenuniana."

"Wamenuniana wakubwa, mama. Wao wamezuia mazao yetu kuingia kwao, na sisi tukazuia ya kwao kuingia na ya kwetu kwenda huko."

"Kwa nini?"

"Kila mmoja anasema mwenzake ndiye aliyeanza. Wanapimana nani anamhitaji nani zaidi."

Akafikiri. "Na kimea cha Sekela kiko upande gani?"

Nikamwambia kimea si zao, ni chakula kilichokwisha kuoteshwa, hakioti tena hata ukipanda kwenye mbolea. Nilisema kwa uhakika sana. Mfanyabiashara akisema jambo kwa uhakika namna ile, ujue hajaliuliza popote.

Ihanda hadi Isongole, Jumanne

Shabani alinipitia asubuhi na kenta yake. Shabani ni msafirishaji, mtu wa Singida, ana miaka kumi na mitano Tunduma na bado anasema "kwetu" akimaanisha Singida. Alikuwa anapeleka saruji Itumba, akakubali kunipakia. Tulipatana nauli kwa muda mrefu kuliko safari yenyewe. Nikashusha kidogo, akapandisha kidogo, tukaishia bei aliyoitaja mwanzo, kila mmoja akiamini amemshinda mwenzake.

Tulirudi barabara kuu hadi Mpemba, tukakata kushoto. Lami nzuri, milima mizuri, na Shabani akiongea siasa.

"Wazee walisema fahari wawili wakigombana..."

"Naijua, Shabani."

"Sijamaliza. Nyasi zinaumia, sawa. Lakini hujajiuliza mbuzi wa jirani anafanya nini wakati huo. Anakula. Nenda Nakonde ukaone Wazambia walivyonenepa mwezi huu."

Niliona ni maneno ya dereva. Kesho yake nilimkumbuka kwa heshima.

Isongole nilikuta malori yamepanga foleni upande wetu. Nikahesabu kumi na moja: vitunguu, ndizi, mchele, moja la machungwa lililoanza kunukia pombe. Nikahesabu tena, kumi na moja. Ng'ambo ya daraja niliyaona ya kwao, tisa. Madereva wa kwetu walikuwa wamekaa kwenye madumu wakicheza drafti, wakaniambia kwa furaha kwamba sisi tuna mengi zaidi.

"Mengi zaidi ya nini?" nikauliza.

"Yaliyokwama," akasema mmoja. "Maana yake wao ndio wanaotuhitaji. Watachoka kwanza."

Afisa wa upande wetu alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Akachota kiganja cha kimea kama sampuli, akakiweka kwenye bahasha.

"Kimetoka wapi?"

"Ihanda, shamba la mama Nzunda, kwa mkono wake."

Akainua kichwa. Hakuzoea jibu refu. Nikamweleza habari ya harusi, nikamweleza kwamba kimea hakioti.

"Mzee, kwenye orodha imeandikwa ulezi. Haikuandikwa unaoota na usioota."

"Basi niandikie chakula cha msafiri."

"Madebe sita? Unasafiri kwenda wapi, Misri?"

Nilicheka kwa adabu. Akaendelea, taratibu: "Sisi hatuna ugomvi. Wao ndio wamezuia. Sisi tumejibu tu."

Nikaacha mzigo kwa Shabani, nikavuka daraja mikono mitupu. Mtu mtupu anapita bila shida. Hatua mia moja na kumi na mbili kwenda. Afisa wa upande wa pili alikuwa dada kijana mwenye Kiswahili safi, maana kule mpakani Kilambya, Kindali na Kiswahili vinaishi nyumba moja. Nikamweleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kimea kimetoka wapi, nikamtajia shamba na mama.

"Pole, baba," akasema. "Lakini sisi hatuna ugomvi. Nyinyi ndio mmezuia. Sisi tumejibu tu."

Hatua mia moja na kumi na mbili kurudi. Niliona nimefunga safari ya kwenda kusikia sentensi moja mara mbili. Mlango una komeo mbili, moja kila upande, na kila mwenye komeo anasubiri mwenzake afungue kwanza.

Nilikula wali na maharage kwenye hoteli ya karibu na kituo. Mwenye hoteli, mama mnene mcheshi, aliniambia dawa ipo: mita mia tatu kushoto mto ni wa magotini, vijana wanavusha chochote.

"Hata jokofu limepita juzi," akasema. "Wewe unaogopa ulezi?"

Ningekuwa na jokofu ningepita. Nikampigia Sekela simu. Alikuwa kule tayari, kwa mama mdogo wa bwana harusi, kama ilivyo desturi ya kukaa karibu wiki ile.

"Mjomba, uko wapi?"

"Nakuona," nikamwambia. Sikutania sana, mabati ya kijiji chao yalikuwa yanang'aa pale mbele.

"Shangazi Melina ameuliza tena. Anasema watu wa Tanzania huenda ulezi wao umeingia siasa."

Huyu Melina ni shangazi wa bwana harusi, ndiye mwenye swali la langoni. Yeye alikuwa na binti mwingine aliyemtaka kwa kijana yule, wa kijiji cha pili, na hakumficha mtu jambo hilo.

"Umemjibu nini?"

"Mjomba, sijui kama naruhusiwa kumjibu."

Hapo ndipo niliamua. Nikakata simu, nikafungua ramani humohumo. Malawi imenuna na Tanzania. Tanzania imenuna na Malawi. Zambia haijanuna na mtu.

Kurudi Tunduma na kuvuka Nakonde, Jumatano na Alhamisi

Jumatano mchana nilipita mbele ya duka langu mwenyewe nikiwa juu ya kenta ya Shabani, nimekalia magunia mawili. Jirani yangu muuza viatu akapunga mkono. "Harusi ilikuwaje?" Nikamwambia nzuri. Lilikuwa jibu fupi kuliko ukweli.

Kuvuka kutoka Tunduma kwenda Nakonde hamhitaji kuelezwa. Sote tunavuka kununua mafuta ya kupikia na kurudi chai haijapoa. Lakini nilikuwa sijawahi kuvuka kama mtu anayetaka kupita *kupitia* Zambia, na kule ni mambo mengine. Upande wetu waliniruhusu bila neno, maana Zambia ni rafiki. Upande wa pili walichukua kiganja chao cha sampuli, wakaniuliza kimetoka wapi, nikataja shamba na mama, wakanikaribisha kwa ukarimu ulionitia wasiwasi.

"Karibu sana, mudala," akasema kijana wa meza ya kwanza, akiniita mzee kwa Kibemba. "Hapa hatugombani na mtu. Wakubwa wetu wanakula huku na kule. Mwaka huu tunataka kila jirani aone nani mwema."

"Na jirani mwema anataka nini?"

"Kwanza anataka ulale hapa. Anayetoa karatasi ya mazao ameenda msibani."

Nikalala Nakonde. Jioni nilikula ubwali, ugali wao, na kisamvu kilichotiwa karanga, wenyewe wanakiita ifisashi, nikaongezewa bila kuomba. Shabani alisema kweli: mji ulikuwa umenenepa. Malori yenye vibao vya Tanzania yalikuwa yamepanga kuelekea barabara ya vumbi ya Chitipa, yanazunguka kama mimi. Nikahesabu ishirini na mawili, nikarudia, yakawa ishirini na matatu. Moja lilikuwa limeingia nikihesabu. Kila aliyezunguka alikuwa anakula Nakonde, analala Nakonde, ananunua vocha Nakonde. Nchi mbili zilikuwa zinashindana nani ana nguvu, na ya tatu ilikuwa inauza chai.

Alhamisi asubuhi nikaelekezwa kwa Bana Mwila, mama anayewajazia watu makaratasi kwenye kibanda chenye mwavuli wa kampuni ya simu. Hakuwa mtumishi wa serikali yoyote, lakini serikali zote zilikuwa zinapita kwenye kalamu yake.

"Unakwenda Malawi na ulezi?" akasema. "Ulezi wa Tanzania hauingii Malawi."

"Ndiyo maana niko kwako."

"Ulilala wapi jana?"

"Hapa."

"Na ulezi?"

"Nao hapa."

"Basi umelala Zambia, umeamka Zambia. Ni wa Zambia huo." Akaanza kuandika.

"Bana Mwila, huo ni ulezi wa mama yangu."

"Mama yako hapiti mpakani, inapita karatasi. Mudala, sikiliza. Nyinyi na wale mnashindana. Sisi tunawasaidia msiumie. Unataka kusaidiwa au unataka kuwa Mtanzania?"

Nilijaribu kupunguza. Nikamwomba aandike "umepitia Zambia". Akakataa. Nikamwomba aache wazi sehemu ya asili. Akasema sehemu iliyo wazi ndiyo inayomfungisha mtu. Katika biashara zangu zote nimepunguza bei za watu waliokataa mara mbili, mara tatu. Huyu alikataa mara moja tu na kalamu yake haikusimama. Ilipofika mchana, kila gunia lilikuwa na kadi ya kijani iliyoshonwa kwa uzi mdomoni: Zao la Zambia. Aliyetoka msibani akagonga muhuri bila kutazama ndani.

Nilipima tena jioni. Madebe matano na kidogo zaidi ya nusu. Nchi mbili zilikuwa zimeshaonja, na barabara nayo.

Nakonde hadi Chitipa, Ijumaa

Nilipata lori la Mzambia aliyebeba chumvi. Barabara ni ya vumbi na mashimo. Pancha ya kwanza tuliziba wenyewe. Ya pili tulisubiri saa mbili kwenye kijiji ambacho wazee wake walinisalimu kwa Kinyiha cha kwetu nilichokielewa chote, nikiwa Zambia. Wakanipa karanga za kuchemsha. Mmoja akagusa gunia.

"Kimea cha harusi?" akauliza. Alikitambua kwa harufu. "Kimetoka wapi?"

Nilitazama kadi ya kijani, nikamtazama mzee. "Ihanda," nikasema. "Shamba la mama Nzunda, kwa mkono wake."

"Vizuri," akasema, na hakuisoma kadi.

Kituo cha Malawi tulifika saa saba mchana. Chumba kimoja, meza moja, feni isiyozunguka. Afisa alikuwa mwanaume wa makamo, kajaa, sare imepigwa pasi mpaka mistari inakata. Kwenye kifua jina limeandikwa Kayange. Nyuma yangu watu kumi na wanne. Nilihesabu mara moja tu, nilikuwa na haraka.

Akachukua kiganja cha sampuli. Cha tatu hicho, kama mnahesabu.

"Unakwenda wapi na mzigo huu?"

"Harusini."

"Harusi ya nani?"

Mtu wa mpakani hujifunza mapema: ukiulizwa jina, toa fupi. Jina moja huzaa maswali kumi. "Ya ndugu," nikasema.

Akanitazama. "Na kimea kimetoka wapi?"

Nilikwisha kulijibu swali lile Isongole mara mbili, Nakonde mara moja, na kijijini. Kinywa kilikuwa kimeshazoea. Lakini Sekela alikuwa na saa tano tu kabla ya jua kuzama, na kama mzigo ukizuiwa pale, hakuna nchi ya nne ya kuzungukia. Nikasema, "Zambia."

"Zambia?" akauliza tena.

"Kadi hiyo hapo."

Akagonga muhuri. Nikatoka na magunia yangu, nikiwa mtu aliyefanikiwa, na sikujisikia kama mtu aliyefanikiwa.

Langoni

Nilifika kijijini saa kumi na moja jioni, magunia yamefungwa nyuma ya pikipiki mbili. Lango lilikuwa limepambwa majani ya migomba. Wanawake wa upande wa bwana harusi wamejipanga, mbele yao Shangazi Melina, mrefu, kanga mbili, mikono kiunoni. Nyuma yake jikoni kuna vyungu vitatu vikubwa, uji wa togwa umekwisha kupikwa na unapoa, unangoja kimea. Kando kulikuwa na gunia lingine, dogo, limefunguliwa. Sekela aliniambia baadaye lilikuwa limenunuliwa sokoni Chitipa asubuhi ile, kwa tahadhari, na kwa amri ya Melina.

Dada yangu Estera alisimama na Sekela mlangoni. Sekela alikuwa ametazama chini.

Nikateremsha gunia la kwanza mbele ya Melina. Kadi ya kijani ikageuka juu. Naapa nilikuwa nimepanga kuikata nikishavuka mpaka, lakini tulipofunga magunia kwenye pikipiki niliazimwa kisu na kukirudisha bila kukumbuka. Mtu anayehesabu kila kitu mara mbili, hicho hakukihesabu hata mara moja.

Melina akainama, akaisoma kwa sauti. "Zao la Zambia." Akasimama wima. Hakutabasamu, lakini alijizuia kwa shida. "Mjomba, karibu. Mbele ya watu hawa nakuuliza kama wazazi walivyouliza. Kimea hiki kimetoka wapi?"

Ndipo nilipomwona. Kwenye benchi la wazee wa bwana harusi, katikati kabisa, mwanaume wa makamo, kajaa. Suruali ya sare, bado na mistari yake, na juu shati la nyumbani la maua. Kayange. Alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka kazini. Mtu pembeni yangu akanong'ona, kwa nia njema ya kunitambulisha: "Yule ni baba mdogo wa bwana harusi. Mkubwa wa forodha."

Ningetaja jina mchana ule, angenijua. Ujanja wa mpakani ndio ulionifikisha pale.

Nilikuwa na majibu mawili. La Zambia lingenisalimisha mimi. Nikamtazama Sekela, hakuinua macho, alikuwa ameshika kiwiko cha mama yake kama mtu anayesubiri sindano.

"Ihanda," nikasema. "Shamba la mama Nzunda, kwa mkono wake."

Watu wakaguna. Melina akagusa kadi kwa ncha ya kidole. "Na hii?"

"Hiyo ni ya gunia, shangazi. Kimea ni cha Ihanda."

Kayange akakohoa, akasimama. "Samahanini wazee. Bwana huyu leo saa saba ameniambia Zambia. Nimemuuliza mara mbili."

Hata waliokuwa wanachochea moto waliacha.

"Ni kweli," nikasema. "Saa saba aliyeuliza ni serikali. Sasa mnaouliza ni wakwe. Nikiidanganya serikali, atakayelipa ni mimi. Nikiwadanganya wakwe, atakayelipa ni Sekela, tena miaka yote."

Mzee mmoja kwenye benchi akasema "Mh," ambayo kule inaweza kuwa nzuri au mbaya.

Kayange alikuja mpaka kwenye gunia. Akachota, akanusa, akatafuna punje mbili. Alikuwa Mlambya wa palepale. Mama yake bila shaka aliingia kwa kimea cha kwao, na bibi yake pia. Lakini ile suruali ilikuwa bado mwilini.

"Kwa sheria," akasema, akihutubia benchi na si mimi, "mzigo wa Tanzania umeingia nchini kinyume. Siwezi kusema sijasikia. Nimesikia mbele ya watu wote. Na siwezi kuurudisha, maana kule kwao nao hawaupokei."

"Basi utupwe," akasema Melina upesi, akionyesha gunia lake dogo. "Cha kutumia tunacho."

"Kuutupa ndiyo hairuhusiwi, dada. Ukitupwa unaweza kuliwa na mifugo, kuzolewa na watu, kusambaa. Mzigo kama huu unaharibiwa wote, mbele ya afisa, isibaki punje, kabla ya jua la kesho kutua. Afisa anakaa mpaka mwisho, anaandika."

"Unaharibiwaje?"

Kayange akatazama vile vyungu vitatu. Akavitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Inategemea vifaa vilivyopo," akasema.

Mzee wa "Mh" ndiye aliyecheka kwanza. Kisha benchi zima. Estera alipiga kigelegele, wanawake wa upande wa Melina wakaitikia kabla hawajakumbuka wako upande gani. Melina alibaki na mikono kiunoni. Alikuwa mwanamke mwerevu; aliona kwamba akikataa sasa hakatai kimea cha Ihanda, anakataa amri ya serikali yake mwenyewe, na mtoa amri ni mdogo wake wa tumbo moja.

"Saga," akawaambia wanawake. Halafu, kwa sababu swali la langoni lina mwisho wake na yeye hakuwa mtu wa kuharibu desturi, akamgeukia Sekela. "Mwana wa Ihanda, njoo uwaonyeshe kwenu mnachanganya kiasi gani."

Sekela akainua uso.

Jumamosi, na kurudi

Harusi yenyewe mmeona picha zake. Kwaya ziliimba mbili, zikashindana, na kila moja ilisema nyingine ndiyo iliyoanza kuongeza sauti. Kayange alikaa karibu na vyungu siku nzima na kikombe cha bati, akisimamia uharibifu. Kila mgeni aliyepewa togwa alielekezwa kwake kwanza, naye akatikisa kichwa kwa uzito. Saa kumi na mbili jioni alipindua chungu cha tatu, akakigonga chini, akatoa karatasi mfukoni, akaandika kwamba mzigo wote umeharibiwa mbele yake na mashahidi wa kutosha. Akanisainisha. Kisha akanieleza, kwa upole uleule wa ofisini, kwamba jina langu liko kwenye daftari lake, na nikipita tena kituoni kwake na mzigo wowote, hata pipi, atanipekua mpaka soksi. Nikamshukuru. Nadhani alikuwa anasema kweli.

Jumapili sikuwa na mzigo, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kuzunguka. Isongole iko pale. Estera alibaki siku mbili zaidi. Aliyenisindikiza hadi pikipiki ni Shangazi Melina, na hilo lilinishangaza, nikajiandaa kwa maneno.

Alisimama, akarekebisha kanga.

"Huyu binti yenu," akasema.

"Ndiyo, shangazi."

"Jana usiku tumekaa jikoni tunapanga nani atapika nini wiki ijayo. Nikasema maharage yawekwe nazi kidogo. Yeye akasema hapana, hapa nazi inatoka mbali, tutie karanga."

"Alisema mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote."

"Alikohoa kwanza?"

Melina akanitazama kama anayemtazama mtu aliyechanganywa na jua. "Akohoe kwa nini? Si mgonjwa."

"Na maharage mtatia nini?"

Akageuka kurudi nyumbani. "Karanga," akasema, mgongo ukiwa kwangu.

Nikapanda pikipiki.